Karatasi Iliyosema Auleria Hana Sonona

Manzese,
Jumanne, 4 Machi 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba sukari unaipima kila asubuhi kama ulivyomwahidi Mama. Huku tu wazima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye sababu ya barua hii. Nalitaja dai langu kabla sijatafuta maneno ya kulilainisha: Dada Auleria ana sonona, na karatasi uliyoitia sahihi tarehe 20 Februari, inayosema hana, ni batili. Nitalitetea dai hili mbele yako, mbele ya Mama, na mbele ya yeyote atakayelipinga.

Ulitangaza katika kundi la familia la WhatsApp, dakika chache kabla hujajitoa, kwamba ujumbe wa simu ni wa kuagizia nyanya, na anayetaka kubishana nawe akuandikie barua kama mtu aliyesoma. Nimekutii. Nassibu, anayeendesha mashine yako ya kupimia ubongo, ni jirani yangu hapa Manzese. Amekubali kubeba barua zetu, na ameapa hatazifungua.

Mwezi Januari daktari wa hospitali ya serikali aliketi na Auleria zaidi ya saa nzima. Alimuuliza habari za usingizi, chakula, kilio kisicho na sababu, na siku asizoweza kuinuka. Mwishoni alisema ni sonona, akampa vidonge, akampangia tarehe za kurudi. Unajua kilichofuata. Mwalimu Praygod, mkuu wa shule ya Goba anakofundisha Auleria, alimjibu Mama hivi: "Huyo daktari kapiga naye soga tu. Nileteeni kipimo cha mashine, vinginevyo siku zote hizi alizokosa ni utoro." Mama akakumbuka kwamba kaka yake ana zahanati Mbagala, na katika zahanati hiyo kuna kofia ya vihisio inayosoma umeme wa ubongo. Akampeleka kwako akiwa na matumaini yote. Dakika kumi baadaye akatoka na karatasi yenye muhuri: "Mawimbi ya kawaida. Hana sonona."

Karatasi hiyo ndiyo iliyo mikononi mwa Mwalimu Praygod leo. Kamati ya nidhamu itakaa tarehe 8 Aprili, na Auleria atashtakiwa kwa utoro na udanganyifu. Hata hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba Auleria mwenyewe ameiamini. Vidonge amevifungia kabatini. Jumamosi nilimkuta saa nne asubuhi ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi. Nilipomuuliza amekaa hivyo tangu lini, alisema: "Tangu saa kumi na mbili. Kama ubongo wangu mzima, Ade, basi mie ni mvivu tu. Mvivu hapewi dawa."

Mjomba, nimesoma tafiti za mawimbi ya ubongo kwa miaka mitatu na sizungumzi kwa kubahatisha. Kuna waliodai kwamba kwa mwenye sonona mawimbi ya utulivu huelemea upande mmoja wa paji la uso. Walipokuja wengine kurudia kazi hiyo kwa watu wengi zaidi, tofauti ilionekana hapa na kupotea pale. Siku hizi mwelekeo umegeukia akili mnemba: kompyuta inalishwa rekodi na kuachiwa itafute alama yenyewe. Ni kazi ya kuheshimiwa na ninaipenda. Hata hivyo bado ni kazi ya kutafuta. Haijafika mahali pa kumwambia mwanamke aliyeketi mbele yako kwamba machozi yake hayapo.

Iondoe karatasi ile kabla ya tarehe 8 Aprili. Sikuombi upendeleo, nakuomba usahihi.

Mpwa wako,
Adelard


Mbagala,
9 Machi 2025

Mpwa wangu Adelard,

Marahaba, marahaba. Goti linakwenda na hali ya hewa, na sukari yangu muachie mwenye mwili. Barua yako nimeisoma nikiwa nakunywa chai, chai ikapoa. Unaandika vizuri. Ungeandika vizuri zaidi kama ungekumbuka kwamba unamwandikia kaka wa mama yako na si mshtakiwa.

Sasa nisikilize nami, Bwana Shahada. Wewe Mbagala unaijua kwa kupita. Mimi nimetibu hapa miaka kumi na tisa. Anakuja mama, halali usiku, hali chakula, analia akiosha vyombo. Nikimwambia ana ugonjwa wa akili anajifunga kanga yake vizuri, anaaga kwa adabu, na kesho nasikia yuko kwa mganga anachinjiwa jogoo. Lakini nikimvalisha kofia, akaiona mistari ya kichwa chake inatembea kwenye skrini, anakaa. Mmoja aliniambia, "Kumbe si mimi dokta, ni umeme." Akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishi ya mwanawe. Ndiyo maana nikaandika kwenye bango la nje: PIMA SONONA KWA DAKIKA KUMI, MASHINE HAIDANGANYI. Watu hawa hawaogopi mashine, wanaogopa kuitwa vichaa. Kitabu chako kimelisema hilo ukurasa wa ngapi?

Na Auleria. Unadhani nilifurahi? Mtoto yule nimembeba mgongoni kule kijijini kwetu Kashozi wakati wewe hujazaliwa. Nilitamani mashine iseme anaumwa, ili huyo Praygod afunge mdomo. Haikusema. Ulitaka nitie sahihi uongo kwa kuwa ni damu yangu? Kesho akija mwanamke asiye ndugu yangu nimwambie nini?

Mashine haikujua jina lake. Huo ndio uzuri wake. Wewe unamwangalia kwa macho ya mdogo mtu, mie namwangalia kwa kipimo.

Msalimie dada yangu. Mwambie wale senene wa kukaanga aliotumiwa kutoka nyumbani nimesikia habari zao, na fungu langu silioni.

Mjomba wako,
Gaspar


Manzese,
12 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo tena, na pole kwa chai iliyopoa. Fungu lako la senene lipo; Mama amelificha mahali ambapo hata mimi sijui.

Swali lako ni zuri na nitalijibu, kwa kuwa sikimbii hoja nzuri. Unauliza utamwambia nini mwanamke asiye ndugu yako. Utamwambia alichokwambia yeye. Ukiketi naye ukamuuliza na ukamsikiliza, umeshampima. Ikiwa kofia inamfanya akae kitini, mvalishe, lakini usiipe kofia ruhusa ya kumkana.

Nimekuja, hata hivyo, na jambo zito kuliko nadharia. Jumapili nilikwenda Goba baada ya misa, nikamuuliza Auleria anieleze siku ile hatua kwa hatua. Nakunukulia mazungumzo yetu kama yalivyokuwa.

"Ulivaa nini kichwani?"

"Nilikuwa na rasta."

"Rasta? Wewe? Wiki ile hata kitana ulikuwa hukishiki."

"Mama ndiye aliyenipeleka saluni. Jumatano yote tulikaa pale. Alisema haendi kwa kaka yake na mtoto mwenye nywele timtim, manesi wakasema dada wa daktari kamtelekeza binti."

Mama alikuwa jikoni. Akaitikia hukohuko: "Ndiyo nilisema! Ulitaka nimpeleke kama chizi?"

Umeona tulichofanya, Mjomba? Binti hajachana nywele kwa wiki tano kwa sababu hawezi kuinua mkono. Hiyo ilikuwa dalili ya wazi kabisa. Nasi, kwa heshima ya kwenda kwa watu, tukaifuta kabla hajafika kwa daktari. Tukampeleka mgonjwa kupimwa baada ya kumpamba afanane na mzima.

Kisha nikamuuliza kofia ilikaaje. "Ilikuwa inaelea," alisema. "Nassibu akaifunga na kitambaa kidevuni. Akapaka ule uteute wa mashine juu ya rasta, akasema inatosha." Vihisio vile, Mjomba, lazima viguse ngozi ya kichwa. Umeme vinaoutafuta ni mdogo mno. Juu ya rasta za nailoni zilizopakwa mafuta, kofia yako ilikuwa kama kifuniko juu ya sufuria iliyofunikwa majani ya mgomba: mvuke wa ndani haukuifikia. Mashine ilirekodi kutikisika kwa kitambaa na feni ya dirishani. Na programu yako, isipoona mawimbi iliyofundishwa kuyaita mabaya, huandika "kawaida". Haikuona chochote, ikaita hali hiyo uzima.

Wala kosa hili si la Nassibu peke yake. Kofia nyingi za namna hii zilibuniwa kwa ajili ya nywele nyepesi na laini. Katika tafiti nyingi mwenye nywele zetu, na hasa aliyesuka, hurudishwa nyumbani kwa kuwa "rekodi haisomeki". Kompyuta inafundishwa kwa watu wasiofanana na dada zetu, kisha inaletwa Mbagala kuwahukumu.

Muulize Nassibu. Naamini atasema kweli.

Mpwa wako,
Adelard


Mbagala,
15 Machi 2025

Adelard,

Sisi hatujambo. Natumaini nawe hujambo, maana kwa kasi unayoandika nahofia mkono.

Nilimwita Nassibu. Nikamuuliza, "Yule binti alikuwa na rasta?" Akasema, "Alikuwa nazo, dokta." "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Dokta, wanawake wote wanakuja wamesuka. Nikiwarudisha nani atabaki?" Nikamwambia akafagie.

Haya, hapo umenipata kidogo. Lakini sasa nami nina swali, na ulijibu kwa ufasaha huohuo.

Ndani ya chumba changu cha kungojea, ukutani, kuna fremu ya kioo. Ndani ya fremu kuna ukurasa mmoja. Umeandikwa kwamba mawimbi ya ubongo yanatambua sonona kwa usahihi wa asilimia tisini na saba. Chini yake kuna jina. Si langu. Ni la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Krismasi ya 2023, aliyesimama sebuleni kwangu amevaa tai ya bluu, akatusomea mradi wake mzima tukiwa na njaa, hadi shemeji yako mmoja akasinzia. Mimi sikusinzia. Nilimuuliza, "Asilimia tisini na saba, una hakika?" Akaniambia, "Mjomba, hesabu haina maoni." Miezi miwili baadaye nikaagiza mashine. Ulipokuja kuiona ulipiga picha na fremu yako, ukaiweka mtandaoni.

Barua zako mbili nimezisoma neno kwa neno. Ukutani kwangu hujapagusa. Umeniambia kazi hii bado ni ya kutafuta. Mbona ulinisomea kana kwamba imeshapatikana?

Mgonjwa akisitasita namwonyesha jina lako. Namwambia, huyu ni mtoto wetu, amesoma. Kwa hiyo, mpwa wangu, kama karatasi yangu ni batili, basi anza na ya kwako. Jikane kwanza wewe, ndipo uje unikane mimi.

Mjomba wako,
Gaspar


Manzese,
2 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya cha siku kumi na nane. Sikuwa nimeishiwa hoja. Nilikuwa nikiitafuta ile ya kukushinda, na badala yake nikalikuta kosa langu.

Barua yako iliniudhi kuliko yoyote niliyowahi kupokea. Niliwasha kompyuta yangu ya zamani, nikaufungua mradi, kwa nia moja tu: kukuonyesha kwamba asilimia zangu tisini na saba zilikuwa halali, na kwamba wewe ndiye uliyezitumia vibaya. Nilitaka kubaki safi mimi na uchafuke wewe. Nakuambia hili kwa sababu barua isiyolisema itakuwa ya uongo.

Nilikuwa na rekodi za watu sitini na wanne, zilizochukuliwa nchi ya mbali na kuwekwa mtandaoni kwa ajili ya wanafunzi. Nusu yao walikuwa na sonona. Kila rekodi niliikata vipande mia moja na ishirini. Nikavichanganya vyote kama karata, nikatumia vingi kuifundisha kompyuta, na vilivyobaki kuitahini. Unaona palipooza? Vipande vya mtu mmoja vilikuwa kwenye mafunzo, na vingine vya mtu huyohuyo kwenye mtihani. Mawimbi ya kila mtu yana namna yake, kama sauti. Kompyuta ilipoletewa kipande cha mtu wa kumi na saba, haikuchunguza kama ana sonona. Ilimtambua kuwa ni yule wa jana, ikarudia jibu la jana. Nilikuwa mwalimu aliyetoa kwenye mtihani maswali yaleyale aliyoyasahihisha ubaoni, kisha akajisifu kwamba darasa lake lina vipaji. Haikujifunza sonona. Ilijifunza watu.

Safari hii niliwatenga. Walioifundisha hawakuitahini. Nikapata asilimia hamsini na nane. Nikawagawa upya: hamsini na sita. Mara ya tatu, sitini na moja. Mara ya nne, hamsini na tatu. Anayebahatisha tu angepata hamsini. Nilizima kompyuta, nikaenda kusimama barabarani kutazama watu wakinunua chapati, kwa kuwa sikuweza kukaa chumbani na namba hizo.

Na ngoja nikuongezee silaha. Onyo kuhusu kosa hili limeandikwa katika tafiti nilizoziorodhesha mwenyewe kwenye marejeo yangu. Niliziorodhesha bila kuzisoma hadi mwisho. Kumbe hesabu ina maoni pale anayeihesabu anapotaka kusifiwa.

Nimemwandikia msimamizi wangu wa chuo nikiomba mradi urekebishwe. Amenishukuru kwa unyoofu, akaongeza kwamba nafasi ya usaidizi wa utafiti niliyoahidiwa mwezi Julai "itaangaliwa upya". Naelewa maana ya maneno hayo.

Uliniambia nijikane kwanza. Nimejikana. Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa mmoja, wenye jina langu na sahihi, unaosema asilimia tisini na saba haikuwa kweli na kwa nini. Ubandike kwenye fremu ileile. Sibadiliki kuhusu utafiti wenyewe: uendelee, kwa watu wengi, wa mahali pengi, waliosuka na wasiosuka, na kompyuta itahiniwe kwa watu ambao haijawahi kuwaona. Huenda wajukuu wako wakakipata kipimo cha kweli. Sisi hatunacho.

Sasa ni zamu yako. Zimebaki siku sita.

Mpwa wako,
Adelard


Mbagala,
5 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa nilikushinda. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu nilimwita Nassibu aniletee daftari la waliopimwa.

Ukurasa wako niliubandika. Nataka ulijue hilo. Ulikaa ukutani kuanzia saa mbili hadi saa tatu kasorobo. Mzee mmoja akausoma kwa sauti, taratibu, watu wote wakisikiliza. Alipomaliza akageuka. "Dokta," akasema, "na yangu je?" Yeye nilimwambia yuko sawa, mwezi wa kumi na moja. Nikaubandua.

Daftari lina watu mia tatu na kumi na wawili. Mia mbili na tano niliwaambia hawana kitu. Adelard, unajua maana ya kuwarudia watu mia mbili na tano? Mimi nina miaka sitini na mitatu. Jina langu hapa ni "dokta". Sina jingine.

Kwa hiyo tuyamalize kiutu uzima. Nassibu amekuletea bahasha ya pili. Ndani yake kuna karatasi ya Auleria, tarehe ileile 20 Februari, muhuri uleule, inasema ana sonona ya kiwango cha kati. Mwambie Praygod ile ya kwanza ilichanganywa na ya mtu mwingine. Hatauliza. Mtoto atabaki na kazi yake, nawe utakuwa umeshinda. Mashine niachie mimi, nitaipunguza polepole bila kelele.

Ichukue. Nakuomba kama mzee wako.

Mjomba wako,
Gaspar


Goba,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mjomba wangu Gaspar,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani kwa Mama, Auleria yuko mezani anasahihisha madaftari ya darasa la tatu, na amefika la tisa. Ameniomba nikuulizie hali yako kwa niaba yake, na nimeulizia. Barua hii haiji kwa mkono wa Nassibu. Nakala moja iko kwenye ubao wa matangazo wa shule, moja kwenye kundi la familia, na hii unayoishika nimeileta mwenyewe.

Kwanza, karatasi ya pili. Tuliifungua watatu. Mama alilia, akasema, "Jamani, si ndiyo hii tuliyokuwa tunaitafuta?" Akaibusu. Nami, sitakuficha, niliitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Ilikuwa inasema kilekile ninachokidai tangu Machi. Auleria aliichukua, akaisoma, akairudisha ndani ya bahasha.

"Ya kwanza ilisema mie mzima bila kuniuliza," alisema. "Hii inasema mie mgonjwa bila kuniuliza. Mrudishieni Mjomba."

Imo humu ndani. Uliniuliza mwezi uliopita kama nilitaka utie sahihi uongo kwa kuwa ni damu yako. Nilikuheshimu sana kwa swali lile. Sahihi iliyo chini ya karatasi hii imelijibu, na jibu limenihuzunisha.

Pili, kikao cha jana. Hukuwepo, kwa hiyo nakusimulia. Walikaa watano katika ofisi ya walimu, Mwalimu Praygod katikati, karatasi yako mbele yake imewekwa ndani ya plastiki. Mimi niliruhusiwa kuketi kama ndugu, kwa sharti la kunyamaza, na nililivunja mara mbili tu.

"Mwalimu Auleria," alianza, "sisi si madaktari. Hapa pana karatasi ya kitaalamu kutoka kwa mjomba wako mwenyewe. Tuamini wewe au tuamini mashine?"

Kabla Auleria hajajibu, mwalimu mwenzake Zubeda, wa darasa la tatu B, alinyanyuka. Huyu ndiye aliyemrudisha Auleria hospitali Alhamisi iliyopita, akamngoja mlangoni, akahakikisha vidonge vimeanza tena. "Samahani Mkuu," alisema, "hiyo mashine imewahi kufundisha na huyu? Sie tumekaa naye miaka sita. Mwaka jana alikuwa anaimba hadi tunamfukuza ofisini. Mfungo mzima namletea futari, mtu si Mwislamu, nasema labda chakula cha jirani kitamshawishi. Ananirudishia bakuli limejaa na kunishukuru. Mngeuliza sie, tungewaambia bure!"

"Mwalimu Zubeda, keti."

"Naketi, lakini nimesema."

Ndipo Auleria alipozungumza. Aliongea polepole, na nilimwona akizishikilia ncha za meza. Alisema: "Miezi mitatu nimesubiri kitu kiseme kwa niaba yangu. Nikasubiri daktari, nikasubiri mashine, nikamsubiri mdogo wangu na barua zake. Basi nasema mwenyewe. Siku kumi na tisa sikuja kazini kwa sababu sikuweza kutoka kitandani. Nilikuwa nawasikia watoto wakipita na sare zao, najua majina yao kwa sauti, na siwezi. Kama huo ni utoro, niandikieni. Lakini udanganyifu siukubali, hata mngeniletea karatasi mia."

Mjumbe mmoja wa wazazi akafuta miwani yake. Mwalimu Praygod, ambaye si mtu mbaya, ni mtu anayeogopa kuonekana amedanganywa, alipapasa ile plastiki na kusema maneno ambayo ndiyo chanzo cha barua hii: "Nimekusikia. Lakini karatasi hii ina sahihi na muhuri. Mimi siwezi kuitupa. Aliyeitoa aje aiondoe." Wakaahirisha hadi Jumatatu, tarehe 14 Aprili, saa nne asubuhi. Wazazi wa darasa la tatu wameomba kusikiliza, kwa hiyo kikao kitakuwa nje, kwenye madawati, mbele ya watu wote.

Sasa basi, Mjomba. Uliniambia jina lako ni "dokta" na huna jingine. Nami nilikuwa na jina moja, "msomi wa familia", na nimelileta libandikwe ukutani kwako likiwa limekatwa mstari. Sikufa. Nilipita Mbagala jana jioni na yule mzee uliyempima Novemba, aliposikia Nassibu akiniita jina, alinisimamisha barabarani. Hakunitukana. Aliniuliza saa ngapi wanapokea wagonjwa pale hospitali, na kama kuna haja ya kufunga asubuhi kabla ya kwenda. Nikamwambia hakuna, aende ameshiba. Watu mia mbili na tano hawatakuja kukuangamiza. Wengine watakuja na hasira, ni haki yao. Wengi watakuja na swali moja tu, na wewe ndiye unayelijua jibu.

Mimi siamini kwamba wewe ni mwongo. Naamini ulikuwa na huruma, ukakutana na kijana mwenye majivuno na namba nzuri, na tukazaa jambo baya pamoja. Nusu yangu nimeshaibeba hadharani. Nusu yako siwezi kukubebea, na sitakubali ibebwe na Auleria.

Kwa hiyo usinijibu mimi. Sitaki barua tena, sitaki bahasha, na ukinipigia simu sitapokea. Simama Jumatatu saa nne mbele ya kamati, mbele ya wazazi, mbele ya dada yako, uwajibu kwa mdomo wako mambo haya: Je, karatasi ya tarehe 20 Februari ilipima ubongo wa Auleria, ndiyo au hapana? Je, wale mia mbili na tano wataitwa mmoja mmoja na kuambiwa, na lini? Kama unaona nimekosea, nipinge palepale nami nitakujibu. Nitakuwa na mradi wangu wote, wa zamani na mpya, na nitautetea hata ukichukua siku nzima. Ila kukaa kimya hakuruhusiwi. Kiti chako tutakiweka mbele. Tunataka jibu, na tunalitaka hadharani.

Mpwa wako,
Adelard